Mkate wa mchele wa dirhamu arobaini



Abu Hurayra (R.A.) amesimulia, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) hakuwa na desturi ya kukitia ila chakula. Kilichompendeza alikila na kisichompendeza alikiacha bila neno. Hadithi hiyo ilinizuia kwa majuma kadhaa nisiandike habari ya mlo tulioandaliwa mimi na shangazi yangu katika mji wa Dubai, mlo ambao haukuwa na ladha, haukuwa na bei ya huruma, na mwisho wake haukuwa hata na salama.

Kilichoniondoa katika kusita huko ni Hadithi nyingine, aliyoipokea Muslim, ya siku Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevunyevu. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa ni kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu ili watu waione, na hapo likatamkwa lile neno zito juu ya mwenye kughushi ambalo kila aliyesoma fiqhi ya biashara analijua. Chakula ni neema, hakina kosa la kushitakiwa. Mtu anayeandika mlangoni pa duka lake jambo ambalo jikoni mwake halipo ana hesabu yake peke yake, na kuieleza hesabu hiyo si kukitia chakula ila.

Shangazi yangu ni mjane aliyevuka miaka hamsini. Kwa muda wa karibu miaka ishirini aliuza chapati na maandazi hapa Ilomba, kando ya barabara kuu iendayo Uyole, na nikisema kwamba nusu ya walima za kata yetu katika miaka ile zililiwa kwa chapati zake sidhani kama nitakuwa nimetia chumvi. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akidhoofika. Tumbo lilimjaa na kumwenda, damu ilimpungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu, vikaisha, akapewa vingine. Alitibiwa minyoo, akatibiwa amiba, akatibiwa homa ya matumbo na vidonda vya tumbo. Alisomewa ruqya mara mbili. Mwili ulipozidi kukonda, watu wakaanza kunong'ona lile ambalo watu hulinong'ona wanapomwona mjane aliyekonda, naye akaenda kupima mara tatu, na mara tatu akakutwa salama. Minong'ono haikukoma kwa ajili ya cheti cha hospitali. Mwanamke aliyewalisha watu kwa miaka yote hiyo akawa anaona baadhi yao wakigeuza njia.

Alipopelekwa Dar es Salaam, daktari mmoja alimpima damu kwa kipimo kisichozoeleka, kisha akamwingiza kamera tumboni na kukata kipande kidogo cha nyama ya utumbo. Jibu likawa ni ugonjwa uitwao siliaki. Mwenye ugonjwa huu, akila ngano, kinga ya mwili wake huigeukia ngano ile kama adui, na katika vita hivyo huharibu vinyweleo vidogo vilivyomo katika ukuta wa utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtu hula akashiba, na mwili ukabaki na njaa. Kitu kinacholeta balaa hilo ni protini iitwayo gluteni, ile ile inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Imo katika ngano, katika shairi, na katika nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi wala ndizi. Dawa ya kumeza haipo. Tiba ni kuiacha ngano na ndugu zake mpaka kufa.

Inakadiriwa kwamba duniani kiasi cha mtu 1 katika kila 100 anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui. Umezoeleka zaidi Ulaya, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Bara Hindi. Kwetu huku hutajwa kwa nadra, na ugonjwa unaotajwa kwa nadra hautafutwi.

Hata huko unakotajwa sana ilichukua muda mrefu kumjua mwizi ni nani. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York aliandika kwamba amewatibu watoto wenye siliaki kwa kuwalisha ndizi. Jamaa zetu wa Tukuyu watafurahi kusikia hivyo, lakini ukweli ni kwamba watoto wale walipona kwa sababu waliokula ndizi hawakula mkate. Aliyelithibitisha jambo lenyewe ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ulipokuja ule msimu wa baridi wa njaa wa mwaka 1944 kuingia 1945, wakati nchi yake ikikaliwa na majeshi ya Wajerumani na mkate ukiadimika, ikaonekana kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu huku wenzao wakidhoofu kwa njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 akaiandikia tasnifu. Kwa hiyo elimu hii haijatimiza hata miaka mia, na hatuna haki ya kumcheka mama wa Ilomba ambaye hajaisikia.

Jambo moja lilinipa kazi kama mtu niliyepitia chuo cha dini. Shangazi aliporudi na majibu yake, jirani mmoja mwenye nia njema alimletea talbina, uji wa shairi, akamwambia kwamba hii ni dawa ya Sunna na daktari hana la kusema mbele yake. Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) juu ya talbina ni sahihi, imo kwa Bukhari, na sina la kuipunguza. Lakini ipo pia Hadithi ya Ummul Mundhir (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya siku Mtume (S.A.W.) alipomtembelea akiwa pamoja na Ali (R.A.), naye Ali ndio kwanza ameinuka kitandani. Palikuwa na mashuke ya tende yametundikwa. Mtume (S.A.W.) akala, na Ali alipotaka kula akamzuia kwa kuwa bado ni dhaifu, kisha akamwelekeza kwenye chakula kilichopikwa kwa mboga na shairi. Tende, tunda la Madina lenyewe, limezuiwa kwa mtu mmoja kwa sababu ya hali ya mwili wake! Ibnul Qayyim, alipoeleza Hadithi ya kuipoza homa kwa maji, alisema kwamba maneno yale yaliwaelekea watu wa Hijazi na walio mfano wao. Wanachuoni wetu hawakuwa wakiigawa dawa moja kwa kila tumbo. Shairi lililomfaa Ali (R.A.) ndilo linalomdhuru shangazi yangu, na kumwambia aliache si kuikataa Sunna, bali ndiyo himya yenyewe aliyoifundisha Mtume (S.A.W.).

Basi, mwezi wa Rajabu tulikwenda Umra, mimi nikiwa maharimu wake. Alibeba ihramu yake, na katika begi hilo hilo akabeba sufuria ndogo, mwiko, na kilo tatu za unga wa ulezi alioutwanga kwa mkono wake mwenyewe. Huko Makka na Madina hakupata taabu kubwa. Wali upo kila mahali, nyama ya kuchoma ipo, tende zipo. Ilimbidi tu kuikataa harisi, ambayo ni ndugu wa bokoboko la Zanzibar na hupikwa kwa ngano, na supu nzito nzito ambazo mpishi hakuweza kueleza zimezitishwa kwa nini. Akirudi chumbani hukoroga uji wake. Nilimsikia akisema kwamba safari ile imemfundisha du'a ya msafiri na hesabu ya unga.

Tatizo lilitungoja Dubai, ambako tulipaswa kukaa siku mbili kabla ya ndege ya Dar es Salaam. Mwenyeji wetu alikuwa kijana wa Mbeya anayepakia mizigo katika maghala ya Deira, mtoto wa jirani yetu wa zamani, aliyekula maandazi ya shangazi akiwa darasa la kwanza. Alikuwa ameuliza mapema kuhusu hali ya mgeni wake, akatafuta, akapata mkahawa ulioandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kwamba vyakula vyake vyote havina gluteni. Alikuwa amejiwekea fedha kwa ajili ya siku ile. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba mlo ule haukuwa mlo tu, ulikuwa zawadi ya kijana wa kibarua kwa mama aliyemlea mtaani.

Orodha ya vyakula ilikuwa ya ajabu kwa mtu atokaye kwetu. Hapakuwa na wali. Hapakuwa na viazi isipokuwa vya kukaanga. Kila kilichokuwamo kilikuwa ni mfano wa kitu cha ngano: mkate usio wa ngano, piza isiyo ya ngano, tambi zisizo za ngano, keki isiyo ya ngano. Mpishi alikuwa amekusanya kila kitu ambacho ngano hukifanya vizuri, kisha akataka kukifanya bila ngano. Tukaagiza supu ya dengu, mkate wa mchele, na keki. Mkate peke yake ulikuwa dirhamu 40.

Uliletwa juu ya ubao, umekatwa vipande vinne. Ulikuwa mweupe, wa baridi, na ulipoguswa ulimong'onyoka kama kichuguu cha kiangazi. Kinywani ulikuwa kama chaki. Shangazi aliutafuna taratibu kwa adabu, macho yake yakiwa kwa kijana yule, akameza, akanywa maji, akasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa: "Huyu hakuroweka mchele."

Niruhusuni nikae kidogo hapa, kwa sababu shangazi yangu alikuwa na haki ya kusema neno hilo. Alipokatazwa unga wa ngano alipoteza kazi yake. Vumbi la unga lenyewe lilikuwa likimwingia kinywani mchana kutwa. Kwa miezi kadhaa alikaa bure, mpaka jirani mmoja mwenye asili ya Tanga akamkumbusha kwamba waswahili wa pwani wana mikate yao isiyoijua ngano kabisa. Akajifunza vitumbua, akajifunza vibibi, akajifunza mkate wa kumimina, ule mkate wa mchele wa Zanzibar uliokandwa na tui. Mchele hurowekwa usiku kucha mpaka punje ivunjike kwa kubanwa na vidole viwili. Husagwa ukiwa umelowa, pamoja na tui la nazi, mpaka uteleze. Hutiwa hamira na sukari na iliki, ukaachwa uumuke mpaka utoe mapovu, na mkate wa kumimina huongezewa ute wa mayai uliopigwa. Hukaangwa au huokwa kwa moto wa juu na chini, ukaliwa siku ile ile. Anayesaga mchele mkavu akautia maji dakika ile anayotaka kuoka atapata kile tulicholetewa Dubai. Hapa Mbeya shangazi amefika mahali pa kubishana na wauzaji wa Soko la Mwanjelwa kama mchele wa Kyela ufaa vitumbua au ni mtamu mno kwa kusagwa, na kwamba wa Usangu huumuka vizuri zaidi. Mimi si mtu wa kuamua ugomvi huo. Lakini nilipomtazama mbele ya ule ubao, niliona mwanamke mwenye ufundi wa karne kadhaa mikononi mwake ameletewa kazi ya mwanafunzi kwa bei ya fundi mkuu.

Ladha mbaya ingekuwa ya kusahaulika. Kilichofuata si cha kusahaulika.

Mhudumu aliyetuletea keki alikuwa binti wa Mombasa. Aliposikia Kiswahili chetu aliamkia shikamoo, akauliza habari za Umra, kisha akainama kana kwamba anapangusa meza.

"Mama, wewe ni mgonjwa hasa, ama wapunguza mwili tu kama hawa wengine?"

"Mwanangu, mimi nikila ngano nalala kitandani siku tatu."

Binti akatazama nyuma. "Basi keki hii usiile, mamangu. Haiokwi hapa, yaletwa kutoka duka la ngano. Na jiko letu na la mkahawa ule wa pili ni moja. Oveni ni moja, na kisu cha mkate ni kimoja."

Shangazi alikuwa amekwisha kula vipande viwili vya mkate. Akauweka uma chini, akaushika mkono wa binti yule, akamwombea du'a pale pale. Nilimwita msimamizi bila kumtaja aliyetuambia, nikauliza kuhusu oveni. Alijibu kwa upole kwamba maandishi ya mlangoni yanahusu viambato, na kwamba katika viambato vyao hamna ngano. Akatupunguzia bei ya keki. Hata hivyo bili ilifika dirhamu 190, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi laki moja za kwetu. Kijana wa Deira alilipa bila kukunja uso, na mimi nilitazama pembeni. Msimamizi yule, kwa hesabu ya ulimi, hakusema uongo. Rundo lake lilikuwa kavu kwa juu.

Usiku ule shangazi hakulala, na safari ya ndege ya saa tano na zaidi aliipitisha zaidi chooni kuliko kitini. Siwezi kuapa kwamba ni mkate ule, Allah ndiye Mjuzi. Ila kanuni za chakula za Codex, zinazotumiwa na mataifa mengi, zinasema kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidishe miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima ya chakula. Chembe zinazobaki kwenye kisu kilichokata mkate wa ngano zaweza kuipita hesabu hiyo.

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wepesi kuliko watu wote kulielewa jambo hili. Nani katika sisi, akiwa safarini katika nchi ya wasio Waislamu, hajauliza kama nyama imechinjwa kihalali, akajibiwa kwamba ni kuku tu, usiogope? Nani asiyejua ule moyo wa kutazama karai na kujiuliza kabla ya hizi chipsi kilikaangwa nini ndani ya mafuta haya? Tukiambiwa kwamba nguruwe hayumo katika viambato, ila kisu ni kimoja, tutainuka na kuondoka, na hakuna atakayetuita wenye maringo. Hukumu za mambo haya mawili ni tofauti, sizichanganyi. Haramu ya nguruwe ni ya Waislamu wote kwa nassi, na ngano ni halali aliyozuiwa mgonjwa kwa ajili ya madhara. Lakini amana ya anayekupikia ni ile ile moja. Aliyeitekeleza Dubai alikuwa binti wa mshahara mdogo ambaye angeweza kufukuzwa kazi kwa neno lile.

Na sasa nirudi nyumbani, kwa sababu Dubai ni mbali na wengi wetu hatutakula huko.

Katika walima zetu, mgeni asiyekula chapati anaonekana amekuja na lake moyoni. Shangazi ameulizwa mbele za watu kama anaogopa kulishwa kitu. Jabir (R.A.) amesimulia, katika Hadithi iliyomo kwa Muslim, kwamba aliyealikwa ni juu yake kuitikia, na akishafika ana hiari ya kula au kuacha. Na siku alipoandaliwa Mtume (S.A.W.) mnyama aitwaye dhabbi nyumbani kwa Bibi Maimuna (R.A.), aliondoa mkono wake kwa kuwa hakizoei chakula kile katika nchi ya watu wake, naye Khalid bin Walid (R.A.) akala mbele yake. Hakuna aliyelazimishwa na hakuna aliyeaibishwa. Ikiwa kutozoea tu kulitosha kuwa udhuru, ugonjwa je?

Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Unga wa lishe unaouzwa madukani na majumbani mara nyingi huchanganywa mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, na ngano pia. Mama humpa mtoto aliyeanza kuachishwa ziwa akidhani anamjenga, na kwa watoto wengi ni hivyo kweli. Kwa mtoto mmoja mwenye siliaki, kila kikombe ni hatua ya kurudi nyuma. Tumbo linavimba, mikono inakonda, hakui, na ushauri anaoupata mama ni kuongeza uji. Mashine zetu za kusaga nazo husaga ngano ya mteja mmoja kisha mahindi ya mteja mwingine bila kusafishwa. Ndiyo maana shangazi hutwanga. Nyanda zetu hizi zinalima ngano, na kituo cha utafiti cha Uyole kimeishughulikia kwa miaka mingi, wala simwambii mkulima aache kuilima. Na mzazi asimwachishe mtoto ngano kwa kukisia, kwa sababu kipimo cha damu hakitoi jibu la kuaminika kwa mtu aliyekwisha kuiacha. Kwanza hospitali, na amtajie daktari jina la ugonjwa.

Mwenye kudhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu asome habari za ndugu zetu Waislamu wa Sahara Magharibi. Tangu katikati ya miaka ya 1970 maelfu yao wanaishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Chakula chao cha asili kilikuwa maziwa na nyama ya ngamia na tende. Kambini wakawa wanaletewa msaada, na sehemu kubwa ya msaada ule ilikuwa unga wa ngano. Watafiti walipowapima watoto wao, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, walikuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana siliaki, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana katika taifa lolote. Waliopeleka unga ule walikuwa wakitenda wema.

Niliisoma habari hiyo nikiwa na daftari la misaada ya Ramadhani la msikiti wetu mkononi. Kila mwaka wafadhili hutuletea mifuko kwa ajili ya familia za mafukara na mayatima: unga wa ngano kilo tano, tambi, sukari, tende, mafuta. Katika orodha yetu yumo kijana wa madrasa, yatima wa baba, ambaye vipimo vyake vilitoka mwaka jana na vinafanana na vya shangazi. Familia yake ilikuwa inapokea mfuko ambao theluthi yake haiwezi kuingia kinywani mwake, na mama yake alikuwa akiupokea kwa shukrani na kuuza unga ule kwa hasara.

Nililipeleka jambo hili katika kikao cha kamati mwezi wa Shaabani. Mweka hazina aliuliza, na ni haki yake kuuliza, kwamba watu wenyewe ni wangapi. Nikajibu wawili ninaowajua. Mzee mmoja akasema hatuwezi kuendesha jiko la msikiti kwa ajili ya watu wawili. Mwingine akajibu kwamba tuna ngazi mlangoni tuliyoivunja na kuiweka mteremko kwa ajili ya mzee mmoja wa kiti cha magurudumu, na hakuna aliyehesabu. Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko ule wa bati. Mwisho ilikubaliwa kwamba mfuko wa familia ile uwe na mchele na unga wa mahindi badala ya ngano na tambi. Katika futari ya msikitini ikakubaliwa pawe na sufuria moja ya viazi au muhogo na sinia moja la vitumbua, vyombo vyake viwe na alama ya rangi nyekundu, karai lake lisikaangiwe sambusa wala maandazi, na mwiko wake usitoke humo kwenda chungu kingine. Vitumbua vitapikwa na shangazi yangu, kwa malipo, kwa sababu mjane hafanyi kazi ya bure kwa kuwa tu mpwa wake ni katibu.

Sufuria imenunuliwa Mwanjelwa. Karai bado, mweka hazina anangoja bei ishuke. Mwenye mtoto au mzee aliyepimwa akakutwa na hali hii, na awe katika Ilomba au kata za jirani, afike ofisi ya msikiti baada ya sala ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa, jina liandikwe kabla ya mwandamo wa Ramadhani. Aje na cheti cha hospitali kama anacho.

Wabillahi tawfiiq.